Msichana Aliyeinuka Jenezani

Eżerele, 3 Novemba 1973

Dada Bogna mpendwa,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri katika kitubio sikumwambia: ni mimi niliyewaambia akina mama kwamba umekufa.

Si Pawlik. Hapa kijijini wote wanamlaani yeye, yule msaidizi wa mwongozaji mwenye skafu nyekundu. Wanasema mtu wa mjini hana haya, amewachezea wazee. Mimi niko jikoni namenya viazi, nasikia yote, na sifungui mdomo. Lakini fikiria mwenyewe: Pawlik hajui Kilithuania chetu hata neno la kuombea maji. Angewadanganyaje?

Labda hunikumbuki. Mimi ni yule msichana mrefu kupita kiasi, wa nywele za kusuka, niliyekuwa nikiwatafsiria. Mwalimu alinichagua kwa sababu shuleni kwetu tunasoma kwa lugha mbili na Kipolandi changu hakina kosa katika daftari. Katika daftari, ndiyo. Mdomoni ni habari nyingine. Nikiitwa nisome mbele ya darasa masikio yanawaka, na wavulana wa nyuma wanasema, "Haya, taa imewashwa, tuone sasa." Wiki mbili zile mlipokuja kupiga sinema ya mwaka wa tauni ndizo za kwanza maishani mwangu watu wazima kunyamaza ili wanisikie mimi.

Asubuhi ile Pawlik alinituma jikoni kwetu, alikokuwa amekaa Bibi yangu Marcele na wenzake wanne. Bibi ndiye anayeongoza nyimbo za wafu katika vijiji vyote vya upande huu wa ziwa. Mtu akikata roho, anaitwa yeye kabla ya daktari. Mwongozaji alitaka wauimbe wimbo wa kuaga mbele ya jeneza mle ghalani, na kamera ifichwe nyuma ya nyasi. Wakakataa. Mama Petronele akasema, "Mwambie huyo skafu: wimbo ule hauimbiwi jeneza tupu, wala mtu anayepumua. Ukimwimbia aliye hai unamwita. Akitaka mchezo, akacheze na mama yake." Nikarudi kwa Pawlik nikamweleza, ila habari ya mama yake nikaiacha. Akatazama saa. "Waambie chochote," akasema. "Wewe si msichana mwerevu? Chochote kile. Saa tatu wawe ghalani."

Kutoka ghalani hadi mlango wetu ni hatua thelathini. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshatunga. Nikasema kuna mwigizaji mmoja, msichana wa Łódź, mapafu yalimshika, amekufa alfajiri, na gari la kumchukua litakuja jioni. Wakatikisa vichwa, wakasema masikini, lakini hawakusogea. Ndipo nikaongeza: "Hana mama. Amelelewa kituo cha yatima. Hakuna wa kumwimbia."

Bibi akavua aproni. "Hana mama?" akasema. "Nanyi mmekaa hapa mnakunywa chai! Petronele, inuka."

Yule yatima hakuna aliyenituma kumsema. Nilimwongeza mwenyewe. Na nilipoona amefanya kazi, Dada Bogna, nilifurahi. Hicho ndicho kinachonila.

Bibi hajambo. Jana ilikuwa siku ya wafu, tulikwenda makaburini kuwasha mishumaa kama kila mwaka. Tafadhali usimwambie mtu. Nilitaka tu ajue mmoja, na ni haki awe wewe, kwa sababu nilikuua wewe.

Danguole

—

Łódź, 17 Novemba 1973

Danguole, mdogo wangu,

Marehemu anakusalimu. Amekula kabichi na soseji za mama yake, muuza maua mwenye goti bovu, amepata mafua, na anadai akapigwe picha mpya maana ile ya kitambulisho ndiyo inayofanana na maiti kweli.

Nakukumbuka vizuri! Ulikuwa ukijikunja kama unataka kuingia mfukoni mwako mwenyewe. Sasa nisikilize, acha kujitesa. Ni sinema. Sote tulidanganywa kidogo. Mimi mwenyewe niliambiwa nitalala jenezani dakika kumi, nikalala tangu alfajiri hadi karibu saa nne, nimevaa shuka tu, mwezi wa kumi! Ili mvuke wa pumzi usionekane kulikuwa na kidonge cha barafu mdomoni, kikiyeyuka Pawlik anakuja na kingine. Nilikuwa sihisi vidole. Bibi yako aliponigusa paji la uso nilitaka kumwambia, mama, usiondoe huo mkono, ndio joto pekee nililolipata leo.

Na uso wake! Hujui kilichotokea na uso wake. Kila siku nakwenda chumba cha kuhariri kuutazama. Wimbo unakwisha, mimi nainuka, wanawake wanakimbia, yule mnene anaacha kiatu chake kwenye nyasi. Bibi yako peke yake hakimbii. Anapauka, anazeeka miaka kumi mbele ya macho yetu, halafu anakuja, ananishika mikono yote miwili, ananiambia neno, anatoka polepole. Mpiga picha alilia. Siku ile tulimpigia makofi, unakumbuka? Mwongozaji Okrasa anasema sekunde arobaini zile ndizo sinema yenyewe, mengine yote ni kelele alizozipiga ili afike pale.

Na kelele tumezipiga. Mlituona: nikikimbia shambani na utumbo wa ng'ombe shingoni, watawa wakijikuna hadi ngozi inatoka, farasi yule aliyemwagiwa damu, Okrasa akitufuata na kipaza sauti, "Zaidi! Bado mnafanana na watu!" Watu wanamuuliza kwa nini anataka ndoo kumi na nne za damu ya nguruwe kwa onyesho moja. Anajibu, "Kwa sababu ndoo moja mtaivumilia." Mimi simcheki tena. Wakati wa vita, akiwa na miaka minane, alifukiwa siku mbili chini ya nyumba iliyoanguka pamoja na jirani yao aliyekufa, na damu ya jirani yule ilikuwa ikimdondokea. Baadaye akaenda shule akafundishwa vita ile kwa bendera na mashairi. Tangu hapo, anasema, damu kidogo ni uongo.

Sasa nina ombi. Bibi yako aliniambia nini? Ni sentensi moja tu, inasikika wazi kwenye utepe, lakini hakuna hapa anayejua lugha yenu. Mwongozaji anataka kuiandika chini ya picha. Mwulize, kisha unitafsirie. Na umwambie yeye ndiye mwigizaji bora kuliko sisi wote.

Bogna, mzima wa afya

—

Eżerele, 2 Desemba 1973

Dada Bogna,

Barua yako niliisoma chooni, mara nne. Sikumwambia kwamba ni mwigizaji bora.

Nilikudanganya tena. Niliandika kwamba Bibi hajambo na kwamba tulikwenda naye makaburini. Tulikwenda, ila bila yeye. Ninyi mliondoka Jumatano. Ijumaa alianguka uani, na ndoo ya maziwa mkononi. Kiharusi. Alilazwa hospitali ya mjini wiki nne. Amerudi siku kumi hivi sasa. Mkono wa kushoto umelala, anatembea kwa fimbo, maneno yanatoka taratibu lakini yanatoka. Daktari amemwambia Mama kwamba cha pili kikija hakitabisha hodi.

Hayo yangetosha. Lakini kuna zaidi.

Umeuliza alikuambia nini. Sikuwa na haja ya kumwuliza, nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia. Alisema: "Nisamehe, mwanangu, nimekuzuilia njia."

Bibi haamini kwamba ulikuwa hai. Anaamini umekufa, na kwamba uliinuka kwa kosa lake. Wimbo wa kuaga una beti kumi na mbili, na kila ubeti ni mlango mmoja anaopita marehemu. Anayeongoza akiruka ubeti, mlango ule unabaki umefungwa, na marehemu anarudi kuuliza. Siku ile Mama Petronele alipiga chafya katikati, na Bibi ana hakika kwamba baada ya chafya ile alitoka wa nane akaingia wa kumi. Miaka arobaini hajaruka, amekuja kuruka siku ya yatima.

Usidhani hawakumwambia. Mama Petronele alikuja siku ileile ya kurudi kwake, akaketi kitandani. "We Marcele, acha wazimu. Yule msichana alikuwa mzima! Nilimwona kwa macho yangu haya anavuta sigara nyuma ya lori."

Bibi akasema, "Nimeosha maiti kabla hujaolewa. Nilimgusa paji la uso. Wewe ulimgusa? Wewe ulikuwa unatafuta kiatu."

"Skafu alitudanganya, mama weee! Kijiji kizima kinajua!"

"Mnanifariji," Bibi akasema. "Asanteni. Habari za kifo chake hazikuletwa na skafu. Zililetwa na Danguole. Na huyu mtoto hata ukweli anaona haya kuusema, ataweza uongo?"

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa nimeshika bakuli la supu. Dada Bogna, ilikuwa ni kusema neno moja. Masikio yakawaka. Nikasema supu inapoa.

Wiki iliyopita alikufa mzee wa ng'ambo ya ziwa. Walipokuja kumwita Bibi aliwaambia yeye haimbi tena. Kitabu chake cha nyimbo, kilichoandikwa kwa mkono na mama yake, amempa Mama Petronele. Na jana alimwita Mama, akamwambia mbele yangu: "Nikifa, msiniimbie. Aliyemzuilia mwenzake njia haimbiwi. Nizikeni kimya." Mama alilia. Mimi nilikwenda kuwapa chakula kuku ambao walikuwa wameshakula.

Kwa hiyo naomba: wakate kipande kile. Wabaki na damu, wabaki na farasi. Shuleni tumesoma mwaka wa tauni kwa mstari mmoja tu, "watu wengi walikufa", na mimi nilipenda jinsi Mwongozaji wenu alivyoukataa mstari ule, niwe mkweli, nilipenda hata utumbo. Lakini kitu cha kutisha kuliko vyote mlichokichukua hapa hakina tone la damu, nacho si chenu.

Danguole

—

Łódź, 11 Desemba 1973

Danguole,

Leo sina mzaha.

Nilikwenda kwa Okrasa nikamwambia yote ila jina lako. Nilimwomba akikate. Akasema, "Unajua kamati ya kukagua sinema imesema nini?" Sinema ilionyeshwa Warsaw wiki iliyopita. Mwanamke mmoja alitoka akashika mdomo. Wamesema ni matusi kwa historia ya taifa: damu ikatwe, watawa wakatwe, farasi akatwe, mayowe yapunguzwe. Ukurasa mzima wa makato. Mwishoni wamesifu jambo moja tu: onyesho la akina mama wa kijijini, "lenye heshima na lenye thamani ya kuhifadhi mila". Umeona? Uongo wetu ndio umepita. Damu, iliyokuwa kweli kwa yule mtoto wa miaka minane, ndiyo imeitwa uongo.

"Ukininyang'anya na uso ule," akaniambia, "nimebaki na nini?" Nilimwona anazeeka na yeye. Hatakikata. Lakini ile sentensi sikumpa. Nimemwambia haina tafsiri.

Sasa na mimi nikuambie langu, maana umekuwa ukiandika kwangu kama kwa padri na mimi si padri.

Nilijua. Pawlik aliponiletea barafu ya mwisho alinong'ona, "Wanaamini umekufa kweli, lala vizuri." Nilijua nikalala. Na sikuambiwa niinuke. Agizo lilikuwa kufumbua macho tu wimbo ukiisha, basi, kamera iwe karibu. Kuinuka kulikuwa kwangu. Sijui kama nitaweza kukueleza. Hawakuwa wakilia kama waigizaji wanavyolia. Walikuwa wakifanya kazi, kama watu wanaobeba kitu kizito wakipokezana, na kitu chenyewe nilikuwa mimi. Kufika mwisho nilihisi kwamba wamenifikisha. Miguu siihisi, midomo siihisi. Niliogopa, Danguole. Niliinuka ili nijionyeshe mwenyewe kwamba bado nipo. Halafu watu wakapiga makofi, Okrasa akanikumbatia akasema nina kipaji cha ajabu, nami nikaipokea ile sifa, na mpaka leo naivaa.

Kwa hiyo Bibi hakuninyanyua. Nilijinyanyua.

Kuna jingine, nalo ni la maana kuliko yote. Jana niliomba utepe wa sauti, ule mzima, kabla haujakatwakatwa. Siijui lugha yenu, lakini kila ubeti unaanza na sauti ya Bibi yako peke yake, kisha wengine wanaingia. Nikahesabu mianzo kwa vidole, kisha kwa kalamu, kisha nikamwita mhariri ahesabu asijue ninachotafuta. Chafya inasikika baada ya ubeti wa nane. Na beti zote, mimi nimepata kumi na mbili, yeye kumi na mbili.

Hakuruka.

Nakutumia picha niliyopigwa leo asubuhi kituo cha tramu, nimeshika gazeti la leo. Mwonyeshe. Lakini nahofia picha haitatosha. Anawaamini wafu wake na anakuamini wewe.

Bogna

—

Eżerele, 17 Desemba 1973

Dada Bogna,

Picha imefika. Niliiweka mkononi mwake bila maneno, kama mwizi anayerudisha kitu.

Aliitazama sana. "Mzuri," akasema. "Hivi ndivyo alivyokuwa."

Nikamwambia, "Bibi, tazama gazeti. Tazama tarehe."

"Unajua sisomi Kipolandi." Na ni kweli: anasoma herufi za kitabu cha sala tu, za lugha yetu, kwa kidole. "Nani amekupa? Watu wa sinema? Wema wao. Meno mazuri aliyokuwa nayo, masikini."

Akainuka na fimbo yake, akaiegemeza picha kwenye rafu, kando ya picha ya Babu, akawasha mshumaa mbele yenu wote wawili. Sasa unatutazama tunapokula. Mdogo wangu wa miaka sita ameshazoea kukusalimu.

Na kuna hili. Kwetu, Mkesha wa Krismasi, mtu wa nyumba akiwa amekufa mwaka ule, anawekewa mahali pake mezani: sahani, kijiko, kiti kisichokaliwa. Mwaka huu hakuna aliyekufa kwetu. Bibi amemwambia Mama aweke mahali pa yule msichana asiye na mama. "Labda akila nasi ataniachia," akasema. Mama amekubali, amechoka kubishana na mgonjwa. Bibi akaniuliza jina lako, ili akuite kwa jina. Nikampa.

Kila mara najiambia kesho. Nikiwa shuleni nina maneno yote, tena kwa lugha mbili. Nikifika mlangoni ninayo nusu. Akiniita "mtoto wangu mkweli" sina hata moja. Ningeomba uje, akuone unatembea, unakula, unapiga chafya. Uje kabla ya Mkesha. Tafadhali.

D.

—

Łódź, 20 Desemba 1973

Danguole,

Nilikata tiketi. Nikakaa kituoni saa nzima na mkoba mapajani, kisha nikaenda dirishani nikairudisha.

Nikitokea mlangoni kwenu, siku kiti changu kimewekwa, mbele ya mwanamke ambaye daktari amesema cha pili hakitabisha hodi, nitakuwa nafanya nini? Nitakuwa nainuka mara ya pili. Okrasa mwenyewe asingethubutu.

Nitakuja. Siku yoyote baada ya wewe kumwambia kweli, nitakuja, nitapiga magoti, nitampa ile mikono aishike ikiwa na joto. Lakini kwanza ni wewe. Mimi nimekula hofu ya watu mwaka mzima na kulipwa sifa. Nakuambia, hofu inayotoka kwa uongo haiponi kwa kitisho kingine. Inapona kwa mtu kuketi karibu na mwenziwe na kusema jambo la aibu kwa sauti ya kawaida.

Kama mdomo umekataa, una mkono. Anasoma kwa kidole, si ndivyo ulivyoniambia?

Bogna

—

Eżerele, 24 Desemba 1973, saa tisa alasiri

Dada Bogna,

Barua yako imefika leo na posta ya mwisho. Mama amewachukua wadogo kwenda kwa shangazi kuazima viti. Nyumba nzima ina harufu ya kiazisukari chekundu na samaki wa chumvi. Nyasi tumeshatandika mezani, kama desturi ya Mkesha, na kitambaa cheupe juu yake. Sahani ni saba na sisi ni sita.

Bibi yuko chumbani kwake anavaa. Anavaa mwenyewe, kwa mkono mmoja, hataki msaada. Inamchukua muda, na muda ndio ninaouhitaji. Mwezi mzima huu nikikuandikia nimekuwa nikiingiza karatasi chini ya kitambaa kila mlango unapolia. Nimekuandikia barua zote hizi kwa Kipolandi kwa sababu hapa ndani anayekisoma vizuri ni mimi. Nilidhani naandika kwa Kipolandi kwa ajili yako.

Kuanzia hapa hutaelewa. Ukurasa unaofuata nauandika kwa lugha yetu, kwa herufi kubwa zilizoachana, kama za kitabu cha sala. Usikasirike. Si wako.

*

Bibi,

Ni mimi Danguole. Naandika kwa sababu nikikutazama siwezi.

Yule msichana hakufa. Niliwaambia amekufa ili mkubali kuimba. Skafu alisema niwaambie chochote, na mimi nikachagua. Hata habari ya kwamba hana mama niliitunga. Mama yake yuko, anauza maua Łódź, ana goti bovu.

Ulimgusa ukamkuta wa baridi. Ulikuwa sahihi. Alilala bila nguo ya maana tangu alfajiri, na barafu mdomoni, ili pumzi isionekane. Mkono wako haukukudanganya. Niliyekudanganya ni mimi.

Aliinuka kwa sababu alikuwa hai na aliogopa. Anasema mliimba vizuri mno, alihisi kama mmemfikisha.

Hukuruka ubeti wowote, Bibi. Sauti yako imebaki kwenye utepe wao. Watu wawili wamehesabu, mmoja hakujua anahesabu nini. Baada ya chafya ya Mama Petronele uliingia wa tisa. Zilikuwa kumi na mbili.

Uliposema mimi sisemi uongo nilikuwa nimeshika supu. Ningesema pale. Ulitoa kitabu cha mama yako kwa watu kwa ajili yangu. Umesema usiimbiwe. Kama ni kumnyima mtu, mninyime mimi.

Sijui utanifanya nini. Ukitaka niwaambie wote mezani leo, nitasimama niwaambie, na masikio yawake.

Nasikia kitanda chako kimelia. Sasa fimbo. Sasa mguu ule mzuri, halafu ule unaoburutwa. Umefika kwenye sanduku la kuni, umesimama kupumua. Mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye ukingo wa kitambaa, nimeurudisha.

Umeanza tena kutembea. Nimekuvutia kiti kwenye mwanga, na ukurasa nimeugeuza ukutazame wewe.